Mpindo wa Bomba la Kiyoyozi

Niliambiwa, nami nikaamini kwa moyo wote, kwamba maji yanayotoka kwenye kiyoyozi ni jasho la waliomo ndani. Mashine inawanyonya kimyakimya. Ndiyo maana katibu muhtasi wetu alikuwa mwembamba vile, na mimi mfagizi, niliyeshinda uani, nilinenepa hadi vifungo vya shati vikaomba uhamisho.

Ilikuwa miaka ya tisini, ofisi ya mradi mmoja wa kilimo pale Ifakara. Kiyoyozi kilifichwa juu ya dari ya chumba cha kompyuta, nayo kompyuta ilikuwa moja tu bonde zima, labda mpaka Mlimba. Bomba la maji la kiyoyozi lilitokeza nje ukutani, likapinda kama shingo ya bata, na ndani ya ule mpindo maji yalituama siku zote.

Maji yaliyotuama! Ifakara! Na kwenye shule ya jioni niliyosoma ndiyo kwanza tumekaririshwa: fukia dimbwi, mwaga kopo, toboa tairi. Jasho la watu, tena lifuge mbu? Nikashika msumeno, nikaukata mpindo, nikaweka kipande kilichonyooka kama rula. Nikaenda kunywa chai najiona daktari wa mkoa.

Kesho yake mchana katibu muhtasi akapiga yowe lililosikika Lupiro, ng'ambo ya mto. Dari inamwaga maji, na chini yake kompyuta! Nikachomoa waya, nikailalia kama kuku anayeatamia. Maji ya baridi yakanishuka mgongoni.

"Wewe baba, umefanya nini huko nje?"

"Nimeua mbu, dada."

"Umeniua mimi!"

Bosi hakufoka, ndipo nikaogopa zaidi. "Fundi akisema ni wewe, kabidhi fagio." Na fagio lile ndilo lililonilisha na kunisomesha.

Fundi, mzee wa Lipangalala, alifika na baiskeli. Nikampa shikamoo.

"Marahaba. Nani kanyoosha bomba hili?"

"Mimi, mzee. Jasho lilikuwa limetuama."

Alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akamgeukia bosi: "Mwache afagie. Nani aliwahi kumweleza?" Bosi akakiri hakuna, akakubali nibaki na fagio.

"Sasa sikia," mzee akaniambia. "Si jasho. Ni unyevu wa hewa, ukigusa baridi unakuwa maji, kama nje ya chupa ya soda. Na yale ya kwenye mpindo ni kizibo cha kuzuia hewa. Yasipokuwepo, feni ya kiyoyozi inavuta hewa kupitia bomba, na maji ya juu hayashuki, yanajaa mpaka yanafurika darini."