Mume wangu anavua usiku, na kaka yangu ndiye mlinzi wa mkondo

Asalaam aleikum. Admin, nakuomba unifichie jina, maana huku kwetu tunajuana wote.

Nina miaka ishirini na mbili, nilimaliza kidato cha nne, naishi Siyu, kisiwani Pate. Nimeolewa juzijuzi na wallahi sikujua binadamu anaweza kupendwa hivi. Mume wangu ni mvuvi kutoka Mbwajumali. Akirudi na chumvi ya bahari shingoni, mimi huona chumba kizima kimenukia. Ananiita Roho. Hata nikiungua mkono jikoni, yeye ndiye anayelia!

Kama ilivyo desturi yetu, bwana harusi amehamia kwetu. Tunakaa na mama, bibi na kaka yangu ambaye ni polisi wa akiba. Na kama mjuavyo, mlango wa maharusi haugongwi. Ukifungwa magharibi, umefungwa.

Sasa shida ndiyo hiyo. Tangu amri ya kutovua usiku irudi kwa sababu ya magaidi, wavuvi wameumia. Mchana maji ni meupe, samaki wanauona wavu na kuukwepa. Mume wangu ana mama mgonjwa na wadogo zake wanaomtegemea. Wamekwenda kwa chifu mara nyingi, wanaambiwa subirini. Fungate ilipoisha alinishika mikono akasema, "Roho, wewe funga mlango tu. Mimi nitapitia uani." Nikakubali. Mtu akiita, najibu kutoka ndani, "Amelala." Anarudi alfajiri, na nyumba nzima inadhani tumeshindwa kuachana.

Bibi alimwona asubuhi moja akamwambia, "Mato yako mekundu yeo, bwana harusi! Mjukuu wangu hakupi usingizi?" Mama akajifunika leso usoni kwa kucheka. Mimi nilicheka pia, nikamharakisha kwenda kunawa.

Wiki hii kaka ametolewa ulinzi wa barabarani, amepangwa kwenye boti ya doria, kwenye mkondo uleule anaopita mume wangu. Alituambia tukinywa chai. Mume wangu akauliza kama mzaha, "Na mukikuta mvuvi maskini, shemeji?"

Kaka hakucheka. "Usiku hakuna mvuvi. Waliomuua mwenzangu walipita mikokoni na nyavu ndani ya boti kama wavuvi. Tukimulika na boti isisimame, tunapiga."

"Na aliye na njaa apite ndia gani?"

"Apite mchana. Mimi nimezika rafiki, shemeji. Wewe umekosa samaki."

Mume wangu aliinama akamaliza chai yake. Nilimwonea huruma, na kaka pia nilimwonea huruma, kwa sababu huyo rafiki yake nilimjua. Alikuwa akija kwetu kula, na nguo zake zilirudi bila yeye.

Tulipobaki wawili nilimsihi mume wangu aache. Akanibusu kwenye paji la uso. "Kaka yako anaijua sauti yangu. Nitamwita." Ndugu zangu, mashine ya boti ikinguruma nani atasikia sauti ya mtu? Na mume wangu akimulikwa hatasimama, namjua, atakimbilia mikokoni ili nisiaibike mimi.

Nikimwambia kaka, atamkamata, maana ameapa hata mtoto wa mama yake hatamwachia. Boti itachukuliwa, mama mkwe atakosa dawa, na mume wangu atajua ni mimi, kwa kuwa hakuna mwingine anayejua. Nikinyamaza, huenda kaka yangu akamuua mume wangu kwa mkono wake bila kujua, kisha aje yeye mwenyewe kuugonga mlango ambao haugongwi.

Leo usiku ndiyo zamu ya kwanza ya kaka. Mume wangu yuko uani anashona wavu wa usiku huu na kuniimbia. Nimesema kichwa kinauma, nimejilaza na simu. Nishikilie upande gani, jamani? Niambieni kabla ya magharibi, nawasoma wote.