Punda Mwenye Ulimi wa Mkwe Wangu

Mkwe wangu alipopatwa na kiharusi, walimtoa kijijini kwake upande wa Mnazi Bay wakamleta kwetu mjini, Ufukoni. Mkono na mguu wa kulia vilikufa ganzi, lakini ulimi ulisalimika. Mimi ndiye mke wa mwanawe wa pekee wa kiume, kwa hiyo hakuna aliyeuliza nani atamhudumia. Nilimwogesha, nikamlisha, nikamgeuza ubavu asipate vidonda. Cherehani yangu niliihamishia chumbani kwake, chini ya dirisha, na kwa miaka miwili nikaishi kati ya kitanda kile na cherehani ile.

Mume wangu ni karani bandarini. Si mtu mkali. Hakuwahi kunikataza kutoka. Ila kila nilipotaja mahali, aliuliza mama atabaki na nani, na swali hilo lilitosha kunirudisha kwenye kiti.

Kazi ya vikaragosi ilinifuata kwa sababu ya ushonaji. Kijana mmoja kutoka Dar es Salaam alikuwa amepanga ghala la zamani la korosho kule Likombe, anatengeneza vichekesho vya televisheni. Wahusika wote walikuwa wanyama wa kitambaa wa kuvaliwa mkononi, lakini maneno yao yalikuwa ya watu wazima: ndoa, wivu, mambo ya chumbani. Kila kipindi kilianza na kima akiwaambia watoto wakalale. Nilimshonea kima huyo, bata mmbeya, punda jike, na kenge aliyekuwa mume wa punda. Kenge alilala hadi adhuhuri akiamka anadai chai.

Wifi yangu alikubali kukaa na mama yake alasiri tatu kwa wiki ili mimi niende kushona. Kisha mwanamke aliyekuwa amsemee punda akapata ajira Lindi, akaondoka. Yule kijana mtayarishaji akaniomba nimshikie nafasi siku moja tu.

Maneno niliyopewa kwenye karatasi hayakunikaa mdomoni. Nikayaacha, nikasema aliyoniambia mkwe wangu asubuhi ile uji ulipopoa: "Ntu akilala kitandani nnamwona gogo. Hata gogo lingeukataa uji huu." Nilisema kama anavyosema yeye, Kiswahili chake kilichokulia ndani ya Kimakonde, mtu akiwa ntu na mtoto akiwa ntoto. Mwalimu mstaafu aliyemshika kenge pembeni yangu alicheka hadi kenge akamponyoka mkononi. Siku moja ikawa msimu mzima. Nilitia saini mkataba nikiwa bado nacheka.

Tulikaa chini ya meza ndefu iliyofunikwa kitambaa cheusi, magoti yamekunjwa, mkono mmoja juu. Madirisha yalizibwa kwa magodoro ili sauti za nje zisiingie, na feni ilizimwa kwa sababu ilinguruma. Jasho liliniingia machoni na sikuwa na mkono wa kulifuta. Nyumbani walijua nashona. Mume wangu sikumuuliza. Nilijua angeuliza mama atabaki na nani, na safari hii angeongeza watu watasemaje.

Punda alipendwa kuliko wote. Sokoni kwa samaki niliwasikia wanawake wakitupiana "ntu" na "ntoto" kama punda wangu, wakicheka hadi kushika mbavu. Nililipia samaki wangu nikaondoka bila kufungua kinywa, nikiogopa sauti yangu. Ndipo nilipomwambia mtayarishaji kwamba nataka kuacha. Akanikumbusha mkataba, kwa upole. Akasema bila punda hana kipindi.

Jumamosi moja asubuhi mume wangu aliingiza runinga chumbani kwa mama yake ili aangalie marudio. Nilikuwa kwenye cherehani, mgongo umewaelekea. Nikajisikia nikisema. Mume wangu alicheka peke yake. Alipotoka nje, mkwe wangu akaniambia nizime.

"Huyo punda ni mimi," akasema.

Nikaizima. Tangu siku hiyo hakula kutoka mkononi mwangu wala hakusema nami. Nikimpelekea kijiko, anafunga mdomo na kutazama dari. Wifi akaitwa aje amlishe asubuhi na jioni, akawa ananiangalia kama mtu aliyemtendea mgonjwa ubaya, na hakukosea. Alasiri zilipofika nilikwenda Likombe, nikaingia chini ya meza, nikasema kwa ulimi wa mtu aliyekataa kusema nami. Sikuwa na pa kwenda zaidi ya chumba kile na meza ile.

Wiki ya pili nilishindwa kuvumilia. Mchana, nikiwa namgeuza ubavu, nilimwambia yote. Nikamwomba radhi kwa kuwafanya watu wamcheke.

"Kuchekwa nimezoea," akasema. "Nimeuza chumvi njini hapa miaka mingapi, wakinicheka. Sikiliza. Mume wangu wa kwanza nilimwacha nikiwa na mimba, nikatembea kwa miguu mpaka kwetu. Huyo punda wako ana miguu minne na hajaenda popote. Halafu anasema kwa ndomo wangu."

Jioni ile alikunywa uji niliompa.

Nilimwomba mtayarishaji amwachie punda aondoke kwa kenge, japo kwa kipindi kimoja. Akasema mke akiondoka kichekesho kimekwisha. Basi siku ya kurekodi, kenge alipodai chai yake, sikusema kilichoandikwa. Nikasema: "Nakwenda kwetu, mume wangu. Sufuria ipo, moto upo, mikono unayo." Nikamtembeza punda hadi mwisho wa meza, nikamshusha. Mwalimu mstaafu alibaki amemshika kenge juu, peke yake.

Kipande hicho hakikurushwa. Mkataba wangu ukavunjwa siku hiyohiyo, na wiki mbili baadaye punda alionekana na sauti nyingine, ya mwanamke aliyebandika "ntu" pasipostahili. Alikuwa anamwomba kenge msamaha. Mkwe wangu alisikiliza kidogo, kisha akaniomba nimgeuze atazame ukuta.

Yeye ndiye aliyenitaka nimwambie mume wangu kwa kinywa changu kabla wengine hawajamwambia. Nilimwambia tukila mchana. Aliendelea kutafuna muda mrefu.

"Na yule kenge ni mimi?"

Nikamjibu kuwa maneno ya kenge yaliandikwa na wengine na kusemwa na mwalimu mstaafu, na huo ulikuwa ukweli. Akauliza tena.

"Mara nyingine," nikasema.

Akaacha chakula, akaingia kwa mama yake, akarudisha mlango. Nilisikia sauti zao, sikusikia maneno. Alipotoka alisema kwamba kila Jumapili yeye ndiye atakayemhudumia mama, ili mimi nipate kutoka. Jumapili ya kwanza nilitembea hadi ufukweni nikakaa, sikujua nifanye nini. Ya pili nilikwenda Mikindani kwa mama yangu. Ya tatu meli iliingia, akaitwa bandarini, nikarudi chumbani.