Dramu za Albamu ya Mwisho

Bendi yetu ilikuwa ya wanawake watatu, na tulipiga panki, ile roki ya mbio na kelele, lakini ya kuimbika, kwa miaka minane bila kuwa maarufu. Sisemi hivi kwa uchungu. Tulijulikana mitaa ya Jericho na Shauri Moyo, tukajulikana kidogo mjini, basi. Mimi niliimba na kupiga gitaa, binamu yangu alipiga besi, na rafiki yangu wa Makongeni, aliyejifunzia kanisani, alikuwa kwenye dramu. Kila tukishuka jukwaani hakukosekani mwanamume wa kuuliza, "Na nani hasa huwapigia vyombo?" Ati huwapigia! Mmoja nilimmwagia soda, na sijutii.

Binamu alipopata kazi Doha tuliamua kurekodi albamu ya mwisho tuachane kwa heri. Rafiki yangu alikuwa na sababu yake nyingine. Mamake, karani mstaafu wa reli, hakuwahi kuja kututazama hata mara moja. Kwake hizo zilikuwa kelele za watoto waliokosa adabu. "Nataka tu kitu kimoja cha kumwekea mathe," rafiki yangu aliniambia, "asikie vile mimi hupiga."

Alirekodi nyimbo tisa kwa siku mbili. Shida ni kwamba alikuwa na haraka. Wimbo ulianza mwendo wa kutembea, ukifika kwenye kiitikio tunakimbia. Jukwaani watu walipenda. Studioni produsa alitikisa kichwa. Siku niliyokwenda peke yangu kumalizia sauti, akasema kuna mwanamume anayemjua, anafuata mdundo wa mashine bila kuteleza, na angepiga dramu zote upya kwa alasiri moja, mradi nikubali. Binamu alikuwa kwenye foleni ya viza. Rafiki yangu hakuulizwa. Nikakubali. Nilitaka mara moja tu tusikike kama watu wa redioni, nikajidanganya kwamba hatatambua. Mtu asitambue mikono yake mwenyewe! Ujinga ulikuwa wangu, sina wa kumsingizia.

Albamu ilipokuwa tayari, tulikutana Jumapili baada ya ibada nyumbani kwa mamake. Chai na mandazi mezani, spika ndogo juu ya kabati, mama bado na nguo zake za kanisani. Wimbo wa kwanza ukaanza. Hata sauti yangu haijaingia, rafiki yangu alikuwa ameshateremsha kikombe. Akanitazama.

Mama alisikiliza ameinamisha kichwa, kidole kikigonga goti. "Kumbe!" akasema. "Kumbe mnajua! Na hizo dramu ni wewe, mwanangu?"

"Kunywa chai, mama. Inapoa."

Wimbo wa tatu ulipokwisha rafiki yangu akaniambia tutoke nje kidogo. Tukasimama kando ya kamba za nguo.

"Ni nani?"

"Mtu wa produsa."

"Mwanamume?"

Nikaitikia kwa kichwa.

"Wee! Miaka minane tunawajibu wale wapuuzi, na leo ni wewe unawapa haki?" Hakupaza sauti, maana majirani walikuwa karibu. Ningefurahi kama angepaza. "Rudisha zangu. Kama ni mbaya, wacha ziwe mbaya."

Niliona aibu, ile ya kuchoma masikio. Nikampigia produsa papo hapo, simu ikiwa kwenye spika. Akasema zile za kwanza alizifuta wiki iliyopita, kompyuta ilikuwa imejaa. Alisema kama mtu wa duka anayekuambia mkate umeisha.

"Zote?" rafiki yangu akaniuliza mimi, si produsa.

"Zote."

Alijifuta macho kwa kiganja akarudi ndani, nami nikamfuata, sijui kwa nini. Mamake alikuwa ameshajifunza kurudisha wimbo. Alikuwa ameuweka tena ule wa kwanza, sauti juu kabisa, na ameshamwita jirani, mama mwenzake wa kwaya, aliyesimama mlangoni na sufuria mkononi. "Sikia huyu msichana anavyopiga!" alikuwa akimwambia. Kisha akatuona. Akapunguza sauti, akamshika bintiye mkono.

"Mwanangu, nisamehe. Miaka hii yote sikujua."

"Si neno, mama," rafiki yangu akasema. Akaketi kando yake, akasikiliza albamu nzima hadi mwisho.