Kesho Usije

Muulize mzazi yeyote kuanzia Mchafukoge mpaka mtaa wa Msimbazi, atakwambia mtoto akipita mikononi mwa Mwalimu Husna Sadalla anatoka anasoma. Shule yenyewe ni ya serikali, imebanwa katikati ya maghorofa ya maduka, na darasa lake la tatu lina watoto wengi kuliko madawati, hata anayekaa pembeni anaandika mguu mmoja ukiwa nje. Nyuma ya ukuta kuna muuza sufuria mwenye kipaza sauti, anaanza kubwata asubuhi na mapema na hachoki. Husna alishazoea kufundisha kipaza sauti kile kinapovuta pumzi. Alikuwa hodari, tena alijua kuwa ni hodari, na ndiyo maana jambo alilolifanya halina utetezi.

Kilichokuwa kinamuuma ni semina. Tangu aajiriwe, kila semina ikija anapelekwa mwingine: anayejuana na wakubwa, anayejua kujipendekeza, au yule ambaye hata asipoingia darasani hakuna atakayegundua. "Sasa wewe Husna nikikuondoa, wale watoto nitamwachia nani?" Ndivyo mwalimu mkuu, Mwalimu Gaudens, alivyozoea kumwambia, kama vile anamsifu. Basi Husna akawa anabaki na sifa, wenzake wanarudi na vyeti, na mabegi ya semina wanayatembeza ofisini mwaka mzima.

Kwa hiyo Gaudens alipokuja na habari za walimu wa kigeni, Husna alikaa mkao wa kula. Kuna shule ya kimataifa kule Masaki ambayo kila mwaka huwapeleka walimu wake wageni kwenye mafunzo ya kujiendeleza, mara Nairobi, mara Afrika Kusini. Safari hii waliona waweke mafunzo hapa hapa Dar. Mwalimu mgeni atakuwa anakuja kwenye darasa kubwa la shule ya kawaida muhula mzima, ajifunze kwa mwalimu mwenyeji, na mwenyeji naye ataingizwa kwenye mafunzo yale yale na kupata cheti kile kile. Kwanza mgeni atakuja kutazama somo moja. Akiridhika, mambo yamekwisha.

"Nimewapa jina lako," Gaudens alimwambia. "Usituangushe, mwalimu wangu. Darasa ling'ae."

Hapo ndipo Husna alipochemsha. Badala ya kufundisha kama anavyofundisha siku zote, aliandaa maonyesho. Tusijifanye hatuyajui, kila aliyesoma shule zetu ameyaona. Watoto walirudia somo moja mpaka wakalijua hata usingizini, nani ataulizwa nini na atajibu nini. Kisha akawapa ile sheria aliyopewa yeye mwenyewe utotoni, wakaguzi walipokuwa wanakuja: mwalimu akiuliza swali, wote nyoosheni mikono. Anayejua jibu anyooshe wa kulia, asiyejua anyooshe wa kushoto. Mgeni ataona darasa zima lina akili, na mwalimu atachagua wa kulia tu.

Tatizo likawa Nice. Huyu ni binti wa Celina, mama wa Kichaga anayeuza viatu vya mitumba pale Mchikichini. Aliingia darasa la tatu hajui kusoma hata jina lake. Miezi yote hiyo Husna alikuwa anabaki naye wakati wa mapumziko, wanasoma maneno yaliyoandikwa kwenye maboksi na magunia ya madukani, sabuni, kiberiti, unga, kwa sababu kitabu kilimtia mtoto hofu na boksi halimtishi mtu. Na Nice alianza kusoma. Lakini alisoma kwa muda wake, herufi moja moja, kidole kikitangulia. Isitoshe alikuwa na furaha ya mtu aliyejua kitu juzi, kila swali ananyoosha mkono wa kulia, ajue asijue, na akichaguliwa hakai mpaka amalize. Kwenye mazoezi alisimama kusoma sentensi moja, darasa likaanza kusinzia.

Siku moja kabla ya mgeni kuja, watoto walipokuwa wanatoka, Husna alimwita mlangoni.

"Nice, mama, kesho usije. Kaa nyumbani upumzike."

"Kesho hakuna shule, mwalimu?"

"Kwako wewe hakuna. Keshokutwa ndiyo uje."

Nice alicheka. Asubuhi ile alikuwa amesoma "kiberiti" bila kukwama, akadhani amepewa zawadi. Husna aliona kabisa kwamba ndivyo alivyoelewa. Akamwacha aende nayo.

Asubuhi ya ugeni, Mwalimu Gaudens alivaa suti na kusimama getini anamtafuta Mzungu. Kila gari lililopunguza mwendo alilikimbilia. Kwenye benchi wanapokaa wazazi alikuwepo mama mmoja wa gauni la kitenge na mfuko wa kitambaa wenye maandishi begani. Gaudens alimpita mara kadhaa, akamwambia, "Mama, subiri kidogo, leo tuna mgeni." Mama akasubiri kwa adabu zake. Alipochoka akasema kwa Kiswahili cha kutafuta maneno: "Mwalimu mkuu, ni mimi huyo mgeni. Naitwa Rachel. Natoka Uganda, lakini nafundisha Masaki." Walimu waliokuwa dirishani waliangua kicheko, na suti ya Gaudens ikalowa mgongoni saa hiyo hiyo. Hata Husna alicheka. Alijisemea kwamba afadhali, huyu wa karibu hatakuwa na makuu.

Somo likaenda kama maji. Mwalimu Rachel alikaa nyuma kabisa kwenye kiti kilichoazimwa duka la jirani. Husna akauliza, mikono yote ikapaa, akachagua, jibu likaja limekamilika. Hata muuza sufuria siku hiyo alikuwa kimya. Husna alikuwa anajiona na cheti chake mkononi, ndipo mlangoni ikasikika hodi.

Alikuwa Celina, amemshika Nice mkono kama mtu aliyemkamata mwizi wake. Mtoto alikuwa na gauni la nyumbani na ndala, macho mekundu, makamasi hayajafutwa.

"Mwalimu, nisamehe nakukatisha," Celina alisema, bado anahema. "Huyu ameanza utoro. Namuuliza mbona huendi shule, eti mwalimu kaniambia nisije. Wenzake nawaona wanapita na sare zao! Nimempa za kutosha pale pale sokoni, watu wote wanaona. Mimi sikulea mwongo. Hebu mwambie mbele yangu, mwalimu, ulimwambia asije?"

Nice alimwinulia Husna uso, na uso ule haukuwa na wasiwasi. Ulikuwa uso wa mtu aliyefika mahali ambapo mambo yake yatanyooka, kwa sababu mwalimu yupo na mwalimu anajua.

Husna alitazama nyuma ya darasa. Mwalimu Rachel alikuwa ameacha kuandika, anasubiri kama wengine. Jibu lilikuwa neno moja, na watoto wote waliokaa pale wangeweza kulitamka.

"Nice," alisema Husna, "utoro si mzuri. Nenda kakae."

Celina alishukuru, akamwambia mtoto, "Unaona sasa?" kisha akageuka kuwahi meza yake. Nice hakulia. Aliendelea kumwangalia mwalimu wake, kama anayengoja neno lililobaki, na alipoona halipo akapita katikati ya madawati na ndala zake mpaka nyuma, akaketi sakafuni karibu na mgeni. Husna aliuliza swali lililofuata. Mikono yote ikapaa, ya kulia na ya kushoto, isipokuwa ya Nice. Yake alikuwa ameikalia.

Baada ya somo walipelekewa soda na sambusa ofisini. Gaudens aliposhika simu na kutoka nje, Mwalimu Rachel aliweka chupa yake mezani.

"Mwalimu Husna, nikuambie kitu, usikasirike. Kwetu Mbarara mkaguzi akija tunafanya hivyo hivyo. Asiyejua anainua wa kushoto. Hata mimi nimefundisha watoto hivyo." Alitabasamu bila kejeli. "Mzungu hangeona."

Husna alihisi shingo inawaka moto chini ya mtandio.

"Mimi darasani kwangu nina mtoto hasomi," Rachel aliendelea. "Wazazi wake wanalipa, wananiuliza kila siku. Shule imenipeleka mafunzo, nimeonyeshwa picha kwenye skrini, nimepewa na cheti. Mtoto bado hasomi. Nikasema safari hii niende kwa mtu anayefundisha wale wa mkono wa kushoto. Leo nikaona mikono tu, nikakata tamaa. Halafu yule mtoto aliyekuja na mama yake akanisomea."

"Alikusomea nini?"

"Maandishi ya mfuko wangu. Polepole, na kidole, lakini amesoma yote. Nikamuuliza, nani kakufundisha? Akasema wewe." Rachel alichukua sambusa. "Nitaomba nikae hapa muhula huu. Nataka nione unavyomfanyia huyo."

Hivyo Husna alipata alichokuwa anakililia miaka yote. Gaudens alirudi, akaambiwa, akapiga makofi, akasema shule imeheshimika. Husna aliitikia "asante" kila ilipohitajika, lakini soda yake hakuigusa tena. Alikuwa amekaa na kuona kwamba mtoto yule, na makofi yake mwilini na jina la mwongo juu yake, bado alimtetea kwa mgeni. Aibu ilimvaa mpaka akaona hata kuinua uso ni kazi.

Njia nyepesi ilikuwepo, na tusimpambe, aliitazama vizuri. Hakuna mtu mzima aliyejua. Nice ni mtoto, atasahau. Kesho yake angempa daftari jipya, angembembeleza kidogo, na maisha yangeendelea. Alasiri alifika hadi kituo cha daladala, akasimama na watu wa kwenda kwao. Kisha akageuka, akashika njia ya Mchikichini huku anatembea haraka, maana alijijua kwamba akipunguza mwendo atapata sababu.

Celina alikuwa nyuma ya meza anapiga brashi kiatu cha kiume. Nice alikuwa chini, amezungukwa na viatu, anatafuta vinavyofanana na kuvifunga kamba viwili viwili. Alipomwona mwalimu alisimama kwa heshima kama wanavyosimama darasani.

"Mwalimu! Umekuja mpaka huku?" Celina alifuta kigoda kwa kanga. "Kama ni yale ya asubuhi yamekwisha. Ameniomba msamaha mwenyewe. Amesema kweli alidanganya."

Husna hakukaa.

"Hakudanganya, mama Nice," alisema. "Nilimwambia asije. Nilikuwa na mgeni, nikaona atanichelewesha, nikamficha. Na uliponiuliza mbele yake nikakosa ujasiri wa kusema. Mwongo ni mimi."

Brashi ilisimama. Jirani wa meza ya pili, aliyekuwa anajifanya anapanga mikanda, naye akasimama. Celina aliangalia kiatu alichokuwa amekishika, akakigeuza, akaangalia soli yake.

"Nimempiga njia nzima," alisema taratibu. "Kutoka pale wanapouza mikoba mpaka barabarani. Anasema 'mama, kweli, mama, kweli,' mimi naongeza."

"Nisamehe."

"Usianzie kwangu, mwalimu." Alianza tena kupiga brashi, kwa nguvu kuliko kiatu kilivyohitaji. "Yeye huyo hapo."

Husna alichuchumaa katikati ya viatu, baibui likiburuzika kwenye vumbi, mpaka macho yake yakawa sawa na ya Nice. Alimwambia yote, bila kuyazungusha: kwamba alikosea, kwamba Nice alisema kweli na yeye ndiye aliyesema uongo, kwamba anaona aibu. Alimwambia pia kwamba mgeni amesifu kusoma kwake, na anarudi kwa ajili hiyo. Mtoto alisikiliza huku anazungusha kamba ya kiatu kidoleni. Hakuonekana mwenye hasira. Alionekana mtu anayefikiri neno gumu, anayetaka kwanza kuwa na hakika na kila herufi.

"Mwalimu," aliuliza mwishowe, "kesho nije?"

Husna alifungua kinywa kusema ndiyo, machozi yakamtangulia. Aliitikia kwa kichwa. Nice aliendelea kumtazama usoni, hakuondoa macho, akisubiri amsikie akilitamka neno lenyewe.