Besi Iliyovuruga Koito Yangu

Haya mambo naona aibu hata kuyasema, na mkinicheka nitaamka niende zangu, lakini kwa vile watu wa Ndanai wanasimulia nusu na kuongeza chumvi, wacha mnisikie mwenyewe.

Mnaijua gari yangu, ile ya kupeleka maziwa. Nilitaka besi, besi ya kutingisha kifua, lakini boksi la woofa lingekula buti yote na mitungi ya maziwa ingekaa wapi, kichwani mwangu? Basi fundi mmoja wa Kaplong akaniambia, "Boss, tunaizika hapa chini, kwa shimo ya spea. Hupotezi hata inchi." Nikaona huyu ni msomi. Tairi ya spea na spana zake nikaziacha nyumbani kwa stoo, fundi akatoboa mashimo kwenye sakafu ya buti ili sauti itoke, na kweli, mitungi ikaingia yote kama kawaida. Nilitamba wiki nzima!

Jumamosi ikafika, siku ya koito, yaani watu wetu wanaenda kwa kina Chebet kumwomba awe mke wangu. Mama akapanga vibuyu vitatu vya mursik kwa buti, akaviegemeza kiti cha nyuma, maziwa yaliyolala wiki mbili yakichacha kwa ajili ya nyanyake Chebet, akaniambia niendeshe polepole. Nikaendesha polepole. Lakini tulipofika getini (hapa ndipo ningejipiga kofi) nikaona tusiingie kimya kama tumekuja matanga, nikafungulia besi yote.

Pu! Kifuniko cha kwanza kikaruka, cha pili kikafuata, na baba mdogo, msemaji wetu, aliyeketi nyuma na koti lake la heshima, akapokea mursik kisogoni. Yaliyobaki yakateremka kwa mashimo ya yule msomi wangu, moja kwa moja ndani ya woofa.

Nikazima redio. Woofa ikaanza kunguruma, mmmmm, kama ng'ombe anayezaa. Nikatoa ufunguo. Mmmmm! Kumbe yule mtu alikuwa ameunga waya moja kwa moja kwa betri, hata swichi hakuweka! Na wenyeji walikuwa wameshasimama uani, mchungaji ameanza maombi ya kutukaribisha, kila akisema "Ee Bwana" gari yangu inaitikia. Nifungue betri na nini? Spana ziko stoo! Nikabaki na suti yangu nikivuta waya kwa vidole mpaka babake Chebet akaacha maombi katikati, akaja na plaisi, akaukata mwenyewe bila kunisalimia.

Wazee wao wakaongea kando kidogo. Kisha nyanya akakiangalia kibuyu kimoja kilichosalia, akaliangalia koti la baba mdogo, akasema, "Mrudi siku ingine. Leo hatujaona watu, tumesikia gari tu."

Mama alilia njia yote. Jioni Chebet akapiga simu: "Chagua. Mimi ama hiyo kitu." Mtu mzima naulizwa swali kama hilo! Kesho yake nikamrudishia fundi woofa yake, nikamwambia aizike chini ya kitanda chake, na besi sitaki kuisikia tena mpaka nife.

Wiki tatu baadaye tukarudi. Gari nikaiacha kwa lami, tukapanda kilima kwa miguu, vibuyu mkononi, kimya. Wazee wakaongea wakaelewana. Lakini kabla ya kutamka ndiyo, babake Chebet aliomba ufunguo, akateremka mpaka barabarani, na ukoo wote nyuma yake, akafungua buti yangu kukagua.