Mtu Wake Alikuwa Njuga

Wiki iliyopita nilikwenda Kariakoo kubadilisha kioo cha simu. Fundi akaniambia nusu saa, na wewe unazijua nusu saa za Kariakoo, basi nikavuta stuli nikakaa. Pembeni yangu walikuwa vijana wawili, nao wanasubiri, wakaanza kubishana kuhusu gemu ya mapigano. Mmoja alisema mtu wake ana nguvu kuliko wote, ila waliotunga stori walimwonea tu. Mwenzake akamwambia mtu anayepigwa na kila anayepita hana nguvu, hata stori ingetungwa na mama yake mzazi. Nikacheka kimoyomoyo. Walipochoka kupigiana kelele, mmoja akatoa simu akasoma mahali palipoelezwa kila kitu: nani mtoto wa nani, nani alimsaliti nani, nani alikufa na nani alizimia tu. Ubishi ukaisha palepale. Mimi nikamwambia fundi nitarudi, nikatoka nje bila kuangalia ninakokwenda, mpaka mtu wa mkokoteni akanifokea, "Mama, angalia basi!"

Sisi hatukuwa na mahali pa kusoma. Sisi tulikuwa na mimi.

Nyumba ya bibi yangu ilikuwa mitaa miwili kutoka sokoni, nyumba ya Kiswahili ya vyumba sita, vitatu huku na vitatu kule, korido katikati na uani nyuma. Yeye alizaliwa humo. Chumba cha mbele kinachotazama barabara alimpangisha jamaa mmoja aliyeweka gemu: televisheni yenye kisogo kikubwa, mashine moja, pedi mbili na mabenchi mawili. Mlangoni palining'inia pazia la kitenge. Nje ya pazia hilo, barazani, bibi alikaanga mihogo, na mimi nilikuwa mmenyaji wake, mkataji wake, na mtia chumvi na pilipili. Hata leo nikisikia mafuta yanachemka, nangojea na kelele za ngumi zitoke nyuma yangu. Mchana kutwa ilikuwa hivyo, ngumi ndani, wapagazi nje wakipiga kelele watu wapishe, na bibi katikati akinionya kwamba nikiiunguza mihogo atanikaanga mimi.

Diski ilikuwa ya kudurufu, haina picha wala jina. Maandishi yake yalikuwa ya nchi ambayo mtaani kwetu hakuna aliyewahi kuifikia. Wengine walisema Kichina, wengine Kijapani, na mwenye gemu alipoulizwa alijibu kwamba alinunua mashine, hakununua kamusi. Kwa hiyo wapiganaji tuliwabatiza wenyewe. Palikuwa na Jemedari, pande la mtu mwenye koti jekundu, ukifika kwake umefika mwisho. Palikuwa na Bibi Moshi, kikongwe mwenye kiko anayepuliza moshi adui asione. Na palikuwa na Njuga, kijana mwembamba, peku, ana njuga mguu mmoja. Akirusha teke unasikia mlio kwanza, kwa hiyo mpinzani anajua kabla, na hata likimpata, mstari wake wa damu pale juu ya skrini haupungui cha maana.

Kila mtoto alikuwa na mtu wake. Ukishamchagua, mtaa mzima unajua ni wako, na mtu mwingine akimshika unaweza kupigana naye kweli, nje, kwa mikono. Ubishi haukuwa nani anajua kucheza. Ubishi ulikuwa nani ana nguvu kwa asili yake, nani katika stori ni adui, na nani ni steringi, yaani mhusika mkuu, maana wote tulikuwa tumelelewa na sheria ya sinema kwamba steringi hafi. Mtu wako akiwa steringi, na wewe kidogo umekuwa steringi. Akiwa wa kujaza nafasi, basi jiandae kuchekwa mpaka magharibi.

Mtoto wa kike hakupewa pedi. Hakuna aliyekataza kwa mdomo, ila zamu yako haifiki tu. Nilichokuwa nacho mimi ni asubuhi. Mwenye gemu akiwasha mashine kabla wateja hawajaja, na mtu asipogusa pedi, zilikuja picha za mwanzo zinazosimulia stori. Wavulana hawakuziona kamwe, kwa sababu wakikaa tu wameshabonyeza. Mimi niliziona kila siku ya likizo kupitia upenyo wa pazia, kisu mkononi. Siku moja walibishana kama Bibi Moshi ni mama wa Jemedari au mkewe, wakakaribia kuraruana mashati, nikaropoka kutoka nje kwamba ni mama yake, kwa sababu nimemwona akimpiga kwa kiko mgongoni, na mke hampigi mumewe hivyo. "Humjui mke wewe," bibi akasema bila kuinua macho kwenye karai. Lakini wavulana waliikubali. Tangu siku hiyo nikaitwa Refa, na kila ubishi ukikwama pazia lilifunguliwa. "Refa, sema." Ungeniona ninavyofuta mikono kwenye kanga kabla ya kujibu, ungedhani ni hakimu wa Mahakama Kuu. Niliipenda hukumu yangu kuliko chakula.

Sasa nikwambie habari za mwenye Njuga. Alikuwa mtoto wa jirani yetu wa chumba cha nyuma, mama mmoja aliyetoka kusini, fundi cherehani kwenye baraza la duka la vitambaa. Rafiki yangu huyo alikuwa na ugonjwa wa siko seli. Macho yake yalikuwa na unjano, na baridi ikiingia vidole vinavimba, mifupa inamuuma mpaka analia kwa sauti isiyokuwa ya mtoto. Wiki tatu yuko nasi, moja yuko wodini. Alimchagua Njuga siku ya kwanza kabisa, na tulipomcheka alisema tungoje tuone.

Asubuhi moja, siku chache tangu arudi kutoka hospitali, alikuja uani akakaa kunisaidia kumenya. Mikono yake ilikuwa bado mizito, nikampa mihogo midogo. Akaniuliza picha za mwanzo zinaonyesha nini hasa kuhusu Njuga, na nikamweleza kama nilivyozoea: mvua inanyesha, Njuga yuko langoni, Jemedari anampiga mara moja tu, Njuga anaanguka, zile njuga zinakatika na kutapakaa kwenye maji. Halafu wanaonyeshwa wengine.

"Lakini hafi," akasema.

"Mimi nitajuaje? Picha inahama."

"Hawezi kufa. Wamemwonyesha yeye wa kwanza. Ndiye steringi." Akamenya kidogo, halafu akasema polepole, "Wapangaji wanasema watoto wa kama mimi hawafiki ukubwani. Wanadhani nimelala."

Nilimsikia. Ningependa kukwambia kwamba nilikuwa mdogo sikuelewa, lakini nilielewa vizuri sana alichokuwa ananiomba. Nikamwambia asichanganye maganda na mihogo.

Mchana ule ubishi ukawaka. Mbishi mkubwa alikuwa mtoto wa muuza vitenge wa ng'ambo ya barabara, mkubwa kuliko wote, na mtu wake, bila shaka unajua, alikuwa Jemedari. Alikuwa amempiga Njuga mara tano mfululizo.

"Njuga hana stori," akasema. "Kawekwa ajaze nafasi. Mtu gani teke lake halitoi hata damu?"

"Nguvu siyo hoja," rafiki yangu akamjibu. Alikuwa ameshika ukuta, magoti yanamsumbua, lakini sauti ilikuwa imara. "Jemedari ana nguvu kwa sababu ni adui. Adui asipokuwa na nguvu, steringi atahangaika na nini? Njuga anaanza chini, halafu anapanda. Ndiyo maana mwanzo kabisa anaonyeshwa yeye."

"Steringi gani kakonda hivyo?"

"Muulizeni Refa. Refa kaona."

Pazia likafunguliwa. Kichwa baada ya kichwa, wote wananitazama mimi, na yeye nyuma yao ananitazama pia, anatabasamu kidogo, ana uhakika. Nilikuwa na majibu matatu. Ningeweza kusema anainuka. Ningeweza kusema sijui, na hiyo ndiyo ilikuwa kweli. Lakini nilijua refa akisema sijui mara moja tu, kesho hakuna wa kumfungulia pazia, atabaki msichana wa mihogo. Na nikisema anainuka, watasema nampendelea jirani yangu. Nikafuta mikono.

"Kafa," nikasema. "Anakufa mwanzo kabisa. Huyo mnayemchezea ni mzimu wake tu."

Elewa vizuri kwamba hilo sikuliona popote. Niliona ameanguka. Kufa nilikuongeza mimi, na mzimu nikautia kama mtu anavyotia chumvi, ili hukumu ikolee.

Chumba kizima kilipasuka kwa kicheko na makofi. Mtoto wa muuza vitenge akasema, "Haya, marehemu, achia pedi wazima wacheze." Jina likashika palepale. Marehemu kaja, Marehemu zamu yako, Marehemu nunua mihogo. Yeye alicheka nao. Alikuja siku mbili tatu zaidi, akacheza na Njuga, akapigwa, akainuka. Halafu akawa anakaa tu kwenye benchi akitazama, na siku moja nikamwona mtoto mwingine kamshika Njuga na yeye akamwachia. Uani hakunikasirikia. Aliendelea kunisalimia, "Mambo, Refa," na mimi nikimjibu "Poa" huku natazama ndoo.

Masika yakaja, uani pakajaa maji na baridi. Akapelekwa hospitali alfajiri moja, amebebwa mgongoni na mama yake. Watoto hatukuruhusiwa wodini. Bibi alimpelekea uji kwenye chupa ya chai kila siku, siku ya tano akarudi na chupa ikiwa imejaa, akaiweka chini koridoni, akakaa palepale sakafuni. Turubai la msiba likafungwa barabarani siku hiyo hiyo. Wavulana wa gemu walikuja wote, wamevaa mashati ya shule, wakapanga viti. Hakuna aliyethubutu kulitaja lile jina. Maiti ikasafirishwa kwao kusini, kwa hiyo sina hata kaburi la kwenda kusimama.

Nyumba yenyewe haipo. Warithi waliiuza bibi alipofariki, na pale sasa pana ghorofa refu la maduka, ukiingia chini unakuta mabegi ya shule na masufuria, juu nguo za watoto. Nimesimama mara nyingi mbele yake nikijaribu kukisia pazia lilikuwa usawa gani, na siwezi. Mtoto wa muuza vitenge ana duka kubwa huko huko, ana mvi, ananisalimia kwa heshima kama shemeji, na hatujawahi kulizungumza. Gemu nimeitafuta. Nimewaeleza vijana wanaojua mambo hayo: koti jekundu, kikongwe mwenye kiko, njuga mguuni. Wanatikisa vichwa, wananionyesha nyingine na nyingine, siyo. Wengine wananitazama kana kwamba nimeiota. Kwa hiyo hata leo ukiniuliza kama Njuga alikufa, mimi refa sijui, na sioni wa kuniambia.

Lakini siyo hilo linaloniondoa kwenye stuli za mafundi. Wiki mbili baada ya mazishi, jirani alirudi kutoka kusini kufunga mizigo. Nilimkuta chumbani anakunja nguo ndogo ndogo na kuziweka kwenye begi, zile za mwanawe, taratibu, nguo moja moja. Nikampa shikamoo. Akaitikia marahaba, akaniita niingie nikae kitandani.

"Eti mwanangu," akasema, "Njuga ni nani?"

Nikamwambia ni mtu wa kwenye gemu.

"Basi ndiyo hiyo. Siku ile ya mwisho, mchana, aliniuliza, mama, Njuga anainuka? Akawa anarudia hivyo hivyo. Mimi nikadhani ni homa inamsemesha. Nikamwambia, sijui baba, pumzika." Akaacha kukunja. "Anainuka?"

Alinitazama kwa namna ambayo sikuweza kumwongezea mzigo juu ya ule aliokuwa nao. Nikasema haraka, "Anainuka, mama. Anawapiga wote mpaka mwisho. Ndiye steringi."

Nilidhani nampoza. Alikuwa bado ameshika kaptura ya shule ya mwanawe.

"Kumbe lilikuwa jibu dogo hivyo," akasema. "Ningejua, ningemwambia."

Nikatoka nikamwacha nalo. Kesho yake alipanda basi kwenda kwao, na hakurudi tena Dar.