Sinia la Zuhura

Apa kwanza. Sema wallahi halitoki hapa. Haya, sogea.

Nilipokuwa mtoto pale Kiegeani, miaka ile ya ujamaa, sisi watoto tulikuwa tunaomba jini la Zuhura lipande. Usinitazame hivyo! Zuhura alikuwa binti wa mama mdogo Saumu: tumbo ngoma, miguu vijiti, kuharisha hakumwishi. Fundi wa kupunga majini akasema ana jini, na jini linataka sinia lake: maandazi, chapati, mkate wa ngano, na halua juu. Mgonjwa ale kwanza, maana anayekula si yeye, ni jini. Makombo yetu. Kha! Tulikwaruzana nyuso kwa andazi moja.

Ukaja mwaka duka la kijiji halina unga wa ngano hata wa dawa. Mhogo na samaki, samaki na mhogo. Basi Zuhura akanawiri! Mashavu hayo, mbio anatushinda wote. Bibi yetu akasema, "Saumu mwanangu, si kapona bila sinia? Mwache hivyohivyo."

Fundi akacheka. "Kapona wapi, bi mkubwa? Jini limesusa. Likinyamaza hivi, linapanga kubeba mtu."

Nyumba nzima ikaingia baridi. Kuku akiwika vibaya, tunatazamana.

Unga uliporudi, mama mdogo alikuwa wa kwanza kwenye foleni. Akapika sinia la kuomba radhi, kubwa sijaona. Kule chumbani Zuhura akakaza meno. "Mama, hili linaniuma."

"Kula mwanangu. Si wewe unayekula."

Akaanza tena kuharisha. Fundi akasema bado halijaridhika, ongezeni. Wakaongeza. Kila Alhamisi sinia, kila Alhamisi mtoto mwepesi zaidi. Mwezi wa tatu tukamzika.

Mwaka huu mjukuu wa mama mdogo kapelekwa hospitali Dar, tumbo lilelile. Daktari kasema ni ngano. Utumbo wake hauiwezi, maisha. Ale mhogo, wali, mahindi. Sasa anadunda.

Mimi nacheka kila kitu, unanijua, hata matangani nishatolewa nje. Hili silicheki. Yule mtoto alikuwa anakwisha, na mie nalamba vidole.

Ya chumbani sikuyaona, nilikuwa uani nasubiri makombo. Kanambia mama mdogo Saumu mwenyewe, juzi, alivyorudi kutoka Dar.